Fidia ya mbwa aliyeliwa na fisi

Wiki jana mzee mmoja aliingia kibandani kwangu hapa Kasese, Uganda, ninapochapa barua za watu, akavuta stuli akaketi. "Mwanangu, niandikie barua ya fidia. Fisi amekula mbwa wangu." Jina la marehemu, akasema, Simba. Nikaanza kuchapa bila kucheka. Tulipofika pa kueleza tukio lilitokea wapi, akajibu: "Ng'ambo ya mtaro." Nikaondoa vidole kwenye vibonye.

Mtaro anaousema ndio mpaka wa hifadhi ya Queen Elizabeth. Nitarudi kwa mzee. Kwanza nimalizane na hili neno, maana siku hizi linabebeshwa kila mzigo. Jirani akikuletea kuku baada ya hasara, watu wanasema umelipwa fidia. Darasa likijengwa kwa pesa za watalii, fidia. Mkubwa akikuonea huruma akachomoa elfu kumi mfukoni, nayo fidia.

Fidia ni malipo anayostahili aliyepata hasara, kutoka kwa mwenye wajibu wa kulipa, kwa kadiri ya hasara yenyewe. Likikosekana moja kati ya hayo matatu, tafuta jina lingine.

Neno limetoka Kiarabu, fidya, na huko halikuanza na pesa za serikali. Maana yake ya asili ni kukomboa: unatoa kitu ili kingine kiachiliwe. Yule mnyama aliyechinjwa mahali pa mwana wa Ibrahimu alikuwa fidia. Mzee asiyeweza tena kufunga Ramadhani hulisha maskini kwa kila siku iliyompita, na tunasema ametoa fidia. Wakristo nao wanalisoma katika Injili, nafsi iliyotolewa iwe fidia ya wengi. Popote utakapolikuta, kuna deni na kuna anayelimaliza. Huruma haimo. Mtu anayekulipa fidia hakufanyii hisani.

Wengine hulichanganya na dia, kwa kuwa yanafanana masikioni. Dia pia ni ya Kiarabu lakini mzizi wake ni mwingine kabisa. Hayo ni malipo ya damu ya mtu aliyeuawa. Mbwa hana dia, hata awe hodari kiasi gani.

Wenzetu wa Tanzania walilishika jambo hili vizuri kuliko sisi, na huwa nawasifu kwa hilo hata kama wakulima wao hawawasifu. Kanuni zao za mwaka 2011 zinazohusu wanyama wakali na waharibifu hazikuahidi fidia. Zilitaja kifuta machozi, kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa, na kifuta jasho, kwa mazao na mifugo. Serikali inasema wazi: hatudai kwamba tumerudisha ulichopoteza, tunakupa kitambaa. Unaweza kukasirika kwamba kitambaa ni kidogo, lakini huwezi kusema ulidanganywa na jina. Kenya walikwenda njia nyingine. Sheria yao ya mwaka 2013 inasema fidia na inataja viwango: shilingi milioni 5 za huko kwa aliyeuawa.

Uganda je? Kwa miaka mingi anayesema fidia hapa alikuwa anaota. Sheria ya wanyamapori ya 1996, mwaka ule ule ilipoanzishwa UWA, mamlaka yetu ya wanyamapori, haikumpa mkulima haki ya kudai hata senti kwa shamba lililoliwa na ndovu. Kilichokuwepo, na kipo mpaka leo, ni ule mgao wa asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi unaopitia serikali za mitaa kwenda kwenye miradi ya vijiji jirani. Huo ni mgao. Anaupata aliyeliwa mbuzi na asiyewahi kufuga hata njiwa. Ndiyo maana lile darasa si fidia ya mtu yeyote.

Sheria mpya ya 2019 ndiyo iliyoleta fidia kwa maana yake halisi, na kanuni za kuitekeleza zikafuata mwaka 2022. Kuna orodha ya wanyama, wakiwemo ndovu, simba, chui, fisi, mamba na kiboko. Kuna hasara zinazohesabika: kifo, jeraha, uharibifu wa mali. Kuna kamati ya kukagua madai. Na kuna sharti ambalo watu huliruka kama mtaro wenyewe: tukio liwe limetokea nje ya hifadhi.

Mbwa yuko wapi humo? Watu huniuliza kama kuna sheria ya kumlinda mbwa dhidi ya chui. Tunayo ya kuzuia ukatili kwa wanyama, tangu 1957, lakini ile inamwangalia binadamu mwenye fimbo, fisi haimhusu. Ukiendelea kutafuta utakuta sheria ya kumlinda chui dhidi yako. Chui akimfuata mbwa wako hadi barazani usiku (na chui anapenda nyama ya mbwa, waulize wanaoishi karibu na misitu), una la kupeleka kwa kamati: mali yako, nyumbani kwako, mnyama aliye kwenye orodha. Kama watakubali kwamba mbwa ni mali yenye bei, hayo mtabishana huko. Mbwa akiwa ndani ya hifadhi, mambo yanageuka. Sheria inakataza kumwingiza mnyama wa kufugwa humo bila idhini, na hata kumwacha azurure akaingia kwa uzembe wako ni kosa. Hapo anayeanza kudaiwa ni wewe.

Nikamuuliza mzee Simba alikuwa anatafuta nini ng'ambo. Hakujibu. Aliingiza mkono kwenye koti akatoa njuga, akaiweka mezani karibu na kalamu. Njuga ya bati, kamba yake imetafunwa upande mmoja, na tumboni imeshindiliwa majani makavu. Asiyejua ataona uchafu. Majani yale ni ya kuizuia isilie mpaka mnyama aonekane. Hapo yanang'olewa, mbwa anaachiwa, na mwenye mkuki anafuata mlio.

Nikamkumbusha ya Rafiki, yule gorila dume wa hifadhi ya Bwindi aliyeuawa Juni 2020. Aliyemchoma mkuki alisema alikuwa anajihami. Miongoni mwa vitu alivyokutwa navyo, pamoja na mitego na nyama ya nguruwe mwitu, kulikuwa na kengele ya mbwa wa kuwinda. Alifungwa miaka 11.

"Mzee," nikasema, "hii haiwi barua ya fidia. Hii ni barua ya kukiri."

Akaichukua njuga, akaifunika kwa kiganja kana kwamba inaweza kulia. "Kwa hiyo Simba amekwenda bure."

"Kwa serikali, ndiyo."

"Jirani yangu ana jike lililozaa. Ameniahidi kijibwa. Basi fidia yangu nitaipata kwake."

Sikuweza kujizuia. Nikamwambia jirani hana deni naye, hakumla Simba, kwa hiyo hicho kijibwa si fidia. Aseme kifuta machozi, watu watamwelewa.

Mzee alisimama, akairudisha stuli mahali pake, akanitazama kama mtoto aliyekosea hesabu ya kwanza. "Machozi ni ya mtu, mwanangu. Mbwa ni jasho."