Mtoto kapimwa kisaikolojia, mzazi kapewa fomu akatiki "nzuri" zote: maswali na majibu

Tathmini ya kisaikolojia ya mtoto ndo nini?

Ni kumchunguza mtoto anavyofikiri, anavyojifunza, anavyohisi na anavyoishi na wenzake. Mtaalamu anaongea na nyie wazazi, anakaa na mtoto, anamwangalia akicheza, anampa maswali na kazi ndogo ndogo, mara nyingi anaomba na maelezo ya mwalimu, afu mnaitwa mnapewa majibu na ripoti. Hamna sindano. Naomba sana muache kumtisha mtoto njiani eti ukisumbua daktari atakuchoma, akifika hapo ananyamaza kabisa na sisi tunabaki kupima hofu mliyomjaza wenyewe.

Sasa mbona mwishoni na mimi napewa fomu ya kujaza? Kwani mgonjwa mimi?

Huumwi. Ile fomu haikupimi wewe, inatupima sisi. Tunataka kujua ulisikilizwa au ulisemwa, ulitoka unamuelewa mwanao zaidi au ulitoka na makaratasi tu. Mzazi ndo anaishi na mtoto, tukimchanganya yeye, ripoti hata iwe nzuri vipi inaishia kabatini.

Inauliza vitu gani?

Zipo za aina nyingi. Kuna zinazouliza tu umeridhika kiasi gani na huduma, fupi, maswali nane hivi, na shida yake watu karibu wote wanasema wameridhika kwahiyo hujui urekebishe nini. Afu kuna iliyotengenezwa makusudi kwa wazazi ambao watoto wao wamefanyiwa tathmini, inaitwa PEAS, imetoka Marekani na ilichapishwa 2018. Ina sentensi 24, kila moja unasema unakubali au unakataa kwa kiasi gani, na zimegawanyika mafungu matano: mlivyoelewana na mtaalamu na kama mlifanya kazi pamoja, umepata uelewa gani mpya kuhusu mtoto, mtoto mwenyewe alielewana vipi na mtaalamu, umeonaje mchango wa mambo ya familia kwenye shida ya mtoto, na la mwisho ni hisia mbaya, yaani kama uliona aibu, ulijiona unalaumiwa au unahukumiwa.

Hilo la mwisho mlisome taratibu. Mafungu manne ukikubali ni habari njema, la tano ukikubali ni habari mbaya. Sasa kuna mzazi anashuka na mstari mmoja "nakubali kabisa" kuanzia juu mpaka chini bila kusoma ili awahi kuondoka, matokeo yake katuambia tumemsaidia sana na hapo hapo katuambia tumemuaibisha sana. Tumuelewe vipi? Hiyo fomu haina kazi tena.

Mimi niliona kila kitu kizuri tu, nisijaze vizuri?

Kama kweli kilikuwa kizuri jaza vizuri, hamna shida. Ninachopigia kelele ni yule ambaye hakuelewa hata ukurasa mmoja wa ripoti, katoka na donge kooni kwasababu kuna swali kuhusu malezi lilimchoma, afu anajaza "nzuri sana" kwa heshima, anatuaga vizuri na harudi tena. Mtoto anakaa nyumbani mwaka mzima bila msaada wowote. Akija kurudishwa na shule, ndo tunasikia "mi siku ile sikuelewa mlichosema". Jamani. Heshima ya namna hiyo inamuumiza mtoto. Usijaze uongo kwa heshima.

Lakini nikiandika ukweli si mtamchukia mwanangu au mbadilishe majibu yake?

Hapana. Majibu ya mtoto yanatokana na vipimo na mahojiano, na fomu unapewa yakiwa yameshatoka. Narudia, hapana, kusema hukuelewa hakumfanyi mtoto aonekane mgonjwa zaidi wala hakumfungii huduma. Ukiwa na wasiwasi uliza kabla ya kushika kalamu: nani ataisoma, jina langu linaandikwa? Una haki ya kujibiwa. Na kama mtaalamu aliyempima mtoto kasimama pembeni anachungulia unavyotiki, mwambie akupishe, hata sisi tunajua haifai.

Nijaze lini?

Baada ya kikao cha majibu. Ukijaza kabla, utaulizwa umejifunza nini kuhusu mtoto na bado hujaambiwa kitu. Ila usiibebe nyumbani ukakaa nayo wiki tatu. Kama kusoma ni shida sema usomewe, ila asikusomee aliyempima mtoto.

Miezi imepita, sikuielewa ripoti na niliondoka nimeumia. Naanzia wapi?

Rudi. Usitafute hospitali nyingine uanze moja, usimpe jirani akutafsirie, usikae ukisubiri mtoto akue ataacha. Rudi na ripoti yako useme hivi: "Sikuelewa, naomba mnieleze tena". Uulize vitu vitatu, mtoto wangu ana nini, nyumbani nifanye nini, na shuleni niwaambie nini. Kama uliumizwa na namna ulivyoongeleshwa liseme na hilo, na kama huwezi kumkabili yule yule omba mtaalamu mwingine akusomee ripoti ile ile. Ukienda kuanza upya kila sehemu mtoto anarudiwa vipimo vile vile, na vingine akirudia mapema anakuwa ameshazoea maswali, majibu yanapoteza maana.

Na kama mtoto anasema anataka kufa, anajiumiza, au alikuwa anaongea ila sasa hivi maneno yanapotea, hapo hamna cha fomu wala cha kusubiri tarehe ya kikao. Mpeleke hospitali leo. Leo hii, usisubiri kwanza ndugu wakae kikao.

Hizo fomu mkishakusanya mnazifanyia nini?

Tunaangalia kila fungu peke yake. Ukijumlisha zote pamoja, sifa za mtoto kumpenda mtaalamu zinaficha aibu ya mzazi. Wazazi wengi wakisema hawakupata uelewa mpya, tunajua ripoti zetu zina maneno magumu na kikao cha majibu ni kifupi. Hisia mbaya zikipanda tunaangalia maswali ya malezi yanaulizwaje, maana lile lile ukiliuliza kwa ukali linageuka lawama.

Mume wangu hakuja hata siku moja, anaweza kujaza?

Ajaze nini sasa? Anayejaza ni aliyekuwepo, na mkiwa mlikuja wawili kila mtu na fomu yake, msikae mnaulizana "wewe umeandika ngapi", maana mara nyingi mama kaona analaumiwa na baba kaona poa tu, na tofauti hiyo ndo tunayoitaka. Baba ambaye hakuja apangiwe siku yake asomewe majibu ya mtoto. Akisikia mwenyewe walau ataacha kusema mtoto anadekezwa.