Upasuaji wa Kope kwa Anayeishi Peke Yake: Maswali Mnayoniuliza Bagamoyo

Kila ninapomwuliza mgonjwa, "Umekuja na nani?" hunijibu, "Mwanangu yupo nje." Natoka nje, namkuta dereva wa bodaboda. Mwana mwenyewe yuko Mwanza. Basi haya nawaandikia ninyi mnaoishi peke yenu Dunda, Magomeni na Kaole, na mnajiandaa kwenda Dar es Salaam kufanyiwa upasuaji wa kope.

Kope zipi hizo?

Si nywele zake. Ni ile ngozi inayofunika jicho. Umri ukisogea hulegea, ikaning'inia mbele ya mboni mpaka mtu anainua kidevu ndipo auone mlango. Daktari hupunguza ngozi iliyozidi au hukaza msuli unaoinua kope. Kwa kawaida unapigwa ganzi, unabaki macho, na wengi huruhusiwa siku hiyohiyo.

Nitaona kama zamani?

Simama mbele ya kioo, inua kope taratibu kwa kidole. Ukiona zaidi juu na pembeni, kope ndiyo iliyokuziba. Ukungu ukibaki vilevile, huenda ni mtoto wa jicho, na huo hauondoki kwa kukata kope. Kope iliyoanguka ghafla, kwa siku moja au mbili, si uzee. Nenda hospitali leo.

Nimtajie daktari dawa zote?

Zote. Aspirini ndogo ya moyo, dawa ya kuzuia damu kuganda, diklofenaki ya magoti unayojinunulia duka la dawa, na ile chupa ya mitishamba iliyo uvunguni. Baadhi hufanya damu ichelewe kukoma. Lakini usiziache kwa uamuzi wako. Daktari ndiye aseme ipi isimame na lini. Kuna wanaoacha vidonge vya presha asubuhi ya upasuaji "visije vikagombana na ganzi". Nani kawaambia? Presha ikipanda, damu nayo huvuja zaidi. Uliza, kisha fanya ulivyoelekezwa.

Kwa nini mnang'ang'ania niwe na mtu?

Kwa ajili ya usiku wa kwanza. Haitokei mara nyingi, ila damu inaweza kuvuja nyuma ya jicho. Kwa kuwa haina pa kutokea, hulisukuma jicho mbele na kuubana mshipa wa fahamu wa kuonea. Jicho linauma sana, linajaa, linakuwa gumu, na kuona kunafifia. Hapo tunahesabu saa, tena chache. Na anayeishi peke yake hujisemea, "Nitavumilia mpaka kukuche, nisiwasumbue watu." Usivumilie mpaka kukuche!

Na nikimeza panadol, maumivu yakapungua?

Usivumilie mpaka kukuche. Panadol inatosha kwa mshono unaouma kidogo. Maumivu makali yanayozidi kila saa ni jambo jingine, na kidonge hakiitoi damu iliyojikusanya.

Nikizidiwa saa nane za usiku, niko Bagamoyo?

Ndiyo maana nasema usipande gari la Makumbusho kurudi siku hiyohiyo. Lala Dar kwa ndugu, karibu na hospitali iliyokufanyia. Huna ndugu? Sema mapema, kabla ya kupangiwa tarehe, ujue kama utapata kitanda. Mwana wa Mwanza hatakusaidia kitu usiku huo. Kabla ya kuondoka uliza: nikizidiwa usiku nipige namba gani, niingilie mlango gani? Iandike kwa maandishi makubwa. Ikibidi gonga ukuta wa jirani. Atanung'unika, atakusamehe. Usivumilie mpaka kukuche.

Nitatofautishaje giza la hatari na ukungu wa dawa?

Dawa ya kupaka huweka ukungu, na ukungu huo husogea ukipepesa. Jioni hiyo, kama jicho halikufungwa bandeji, kila saa ziba jicho moja kwa kiganja bila kulikandamiza, hesabu vidole kwa jingine, kisha badilisha. Vidole ulivyoviona saa moja usiku usipoviona saa mbili, safari ya hospitali imeanza.

Nyumbani niandae nini?

Maji kwanza. Hutakiwi kuinama wala kuinua ndoo ya lita ishirini kwa siku kadhaa, kwa hiyo mwombe kijana ajaze ndoo na madumu, ayaweke juu ya meza, nawe uchote kwa kikombe. Jiko la mkaa liweke mbali. Kuliinamia ukipuliza moto ni kualika damu, na moshi unachoma jicho. Panga na jirani akuletee chakula siku tatu hivi. Chaji simu. Toa mkeka unaokunja kona mlangoni, kwa kuwa utakuwa unaona kwa kubahatisha. Lala kichwa kikiwa juu ya mito miwili au mitatu. Siku mbili za mwanzo weka juu ya kope kitambaa safi kilichochovywa maji baridi yaliyochemshwa, dakika kumi, bila kukandamiza. Swali umekaa, bila kuinama kusujudu. Mgonjwa ana ruhusa.

Shoga yangu kaniambia maziwa ya mama husafisha kidonda.

Maziwa ya mama anywe mtoto. Usitie hayo, wala ndimu, wala wanja, wala majani ya mtu yeyote, hata awe bibi yako mzaa mama.

Na nyuzi?

Zisizoyeyuka mara nyingi hutolewa siku ya tano mpaka ya saba, hospitali. Kuna aliyenijia kazitoa mwenyewe kwa wembe, mbele ya kioo, huku jicho lenyewe bado limevimba.