Ile Kali, Hii Kimeo: Ubishi wa Banda la Gemu

Banda la gemu la mtaani kwetu, Kwahani, lina PlayStation 4 mbili zimekaa ubavu kwa ubavu. Juzi baada ya magharibi zilizusha ubishi. Moja ukiibonyeza tu, mpira uko kwenye skrini. Nyengine inajivuta mpaka mtu anamaliza karanga zake. "Ile kali, hii kimeo," wakahukumu vijana.

Nikawaambia mngeitazama taa kwanza. Ile "kali" ilikuwa na kijitaa cha rangi ya chungwa hata kabla haijaguswa. Haikuzimwa jana yake, ililazwa: gemu limo bado kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda, na mashine inakula umeme kidogo kidogo. Mwenzake ilizimwa kabisa, kwa hiyo inaanza alifu kwa ujiti. Mwenye kutaka kuzishindanisha kwa haki azizime zote mbili, kisha ahesabu mara mbili: muda wa kuwaka, na muda wa kulodi gemu. Mbio hizo ni mbali mbali, na mshindi wa ya kwanza anaweza kuburura mkia kwenye ya pili.

"La CD linalodi taratibu, bora la kudanilodi." Hili nalisikia kila wiki, na kwa PS4 na PS5 si kweli. PS4 inasoma Blu-ray, ndiyo hiyo tunayoiita CD, kwa kasi ya kama MB 27 kwa sekunde, ndogo mno kwa magemu ya leo, ndiyo maana gemu hunakiliwa kwanza kwenye diski ya ndani. Baada ya hapo CD inabaki kama hati ya nyumba: mashine inaikagua kuhakikisha gemu ni lako, basi. Nintendo Switch ndiyo inayosoma moja kwa moja kwenye kikadi chake.

Na bando? Halihusiki, labda kwenye mechi ya mtandaoni unapomngoja mpinzani.

Anayekuchelewesha zaidi ni diski. PS4 ya 2013 ilitoka na diski ngumu inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa chake cha kusomea kinakimbia huku na huko kuokota vipande vya gemu. PS5 ya 2020 ina SSD, diski isiyo na kitu cha kuzunguka, inayosoma GB 5.5 kwa sekunde. Mpinzani wake, Xbox Series X, ni GB 2.4. Hapo wenye PS5 hupiga hesabu na kujitangazia ushindi wa mara mbili. Pole zao: data huwa imebanwa, ikishasomwa bado inafumuliwa na kupangwa, na gemu moja kwenye mashine hizo mara nyingi hupishana sekunde chache tu. Ukitia SSD kwenye PS4 utaona nafuu, lakini prosesa ni ile ile ya 2013.

Wala si kweli kwamba za zamani zote zilikuwa nzito. Nintendo 64 ya 1996 ilitumia kaseti ya chipu, si ya utepe. Unachomeka, unawasha, unacheza. Waliongoja ni wa PlayStation ya kwanza, iliyosoma CD kwa KB 300 kwa sekunde.

Nilikuwa hapo umeme ukakatika. Uliporudi, kali na kimeo zikawa sawa: skrini zote mbili zinasema zinakagua hifadhi, na mechi ambayo haikusevuliwa imekwenda na maji. "Zishakufa hizi," mmoja akasema, mkono ushafika kwenye waya. Mwenye banda akamrukia kabla hajauchomoa.