Gegedu la Bega Linapochanika

Mgonjwa mwenye mchaniko wa gegedu la bega (tishu imara inayonyumbulika ndani ya kiungo) mara nyingi hushindwa kuonyesha kwa kidole mahali panapouma. Hulishika bega zima kwa kiganja, akasema maumivu yamo ndani, na kwamba akinyoosha mkono kuchukua kitu juu ya kabati, bega hualika kana kwamba kuna kitu kimenasa.

Kikombe cha bega, tofauti na cha nyonga, kina kina kidogo sana, hivyo kichwa cha mfupa wa mkono hukaa kama mpira juu ya kisahani. Kinachokizuia kisiteleze, pamoja na misuli na kano, ni ukingo wa gegedu uliokizunguka kikombe hicho. Ukingo huu huchanika mtu anapoanguka akatanguliza mkono, bega linapoteguka, au kwa kurusha vitu kwa nguvu miaka mingi. Na kwa kuwa hupata damu haba, hauungi kwa urahisi.

Kipimo cha MRI (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku) huweza kuonyesha mchaniko, ila hapa ndipo wengi wanapotishika bure. Watu wengi waliovuka miaka 40 wana michaniko ya namna hii wala hawaumwi, kwa hiyo daktari hulinganisha picha na anachokigundua anapolipima bega kwa mikono yake.

Kwa walio wengi matibabu huanza kwa kupunguza kazi za kuinua mikono juu ya kichwa, dawa za maumivu (mwenye vidonda vya tumbo au maradhi ya figo asimeze ibuprofeni kabla ya kumwuliza daktari) na fiziotherapia ya miezi 2 hadi 3. Zoezi mojawapo ni kubana taulo iliyokunjwa kati ya kiwiko na ubavu, kisha kuvuta utepe wa mpira kwenda nje, polepole, bila kupandisha bega sikioni. Wagonjwa huliona dogo mno, wakaliacha wiki ya pili, na hilo hutusikitisha.

Kijana ambaye bega limeteguka, hasa mchezaji wa michezo ya kugongana, asikawie kumwona daktari bingwa wa mifupa, kwani kila linapoteguka tena uharibifu huongezeka. Upasuaji hufanywa kwa matundu madogo, na ukingo hushonewa kwenye mfupa. Baadaye mkono huning'inizwa shingoni kwa wiki 4 hadi 6 hivi, na usiku huwa rahisi zaidi kulala chali, mto mdogo ukiwa chini ya kiwiko.

Bega lililobadilika umbo baada ya kuanguka, au mkono uliokufa ganzi, upelekwe hospitali siku hiyo hiyo.