Muswada ni karatasi iliyotiwa weusi

Juzi asubuhi nilikuwa dukani kwa mangi wa mtaani kwetu nikisubiri chenji, na redio iliyokaa juu ya friji ikatangaza kwamba sheria mpya imesomwa bungeni kwa mara ya kwanza. Mangi, ambaye daftari lake la madeni halijawahi kukosea hata shilingi mia, aliguna na kusema, "Basi hiyo imeshapita, bwana." Hakuna kilichokuwa kimepita. Kinachosomwa kwa mara ya kwanza hakijawa sheria, na kingekuwa sheria kisingehitaji tena kusomwa. Sentensi ya mtangazaji ilijipinga yenyewe kabla haijafika kwenye nukta, wala hakuna aliyeshtuka, kwa kuwa masikio yetu yamekwisha kuizoea.

Kilichosomwa ni muswada, au mswada kama wanavyoandika Wakenya. Muswada ni pendekezo la sheria lililoandikwa kwa mtindo wa sheria na kuwasilishwa mbele ya chombo chenye mamlaka ya kutunga sheria, ambacho kwetu ni Bunge la Jamhuri ya Muungano, na kwa mambo ya Zanzibar yasiyo ya Muungano ni Baraza la Wawakilishi. Unaweza kupendekeza sheria mpya kabisa, kurekebisha iliyopo au kuifuta. Ukiwa bado muswada haumfungi mtu yeyote, haumtozi mtu senti, wala hauwezi kumpeleka mtu mahabusu. Hiyo ndiyo fasili, na kamusi haziongezi mengi zaidi ya hapo.

Neno lenyewe lina habari kuliko fasili yake. Tulilipata kwa Waarabu, musawwada, na mzizi wake ni ule wa herufi sini, wau na dali unaobeba maana ya weusi. Mtu wa pwani anaujua mzizi huu hata kama hajawahi kukaa darasani kujifunza Kiarabu: ndio uliomo katika habasoda, ile mbegu nyeusi ya maduka ya dawa za asili, ndio uliomo katika Hajarul Aswad, jiwe jeusi la Al-Kaaba, na ndio ulioipa Sudan jina lake. Musawwada basi ni kitu kilichotiwa weusi, yaani karatasi ya mwandishi anayeandika, akafuta, akaandika juu ya alichofuta, akapenyeza neno pembeni, mpaka ukurasa ukawa wino mtupu. Akishamaliza kugombana na maneno yake huchukua karatasi nyingine na kunakili kwa hati safi, na nakala hiyo Waarabu waliipa jina la upande wa pili, mubayyada, iliyotiwa weupe, kutoka mzizi uleule uliomo katika ayyamul bidh, zile siku nyeupe za kufunga katikati ya mwezi mwandamo.

Kiswahili kilichukua nusu ya jozi hiyo. Tunayo iliyotiwa weusi, hatuna iliyotiwa weupe, na nadhani sehemu ya mkanganyiko inaanzia hapo, kwa kuwa neno lililoachwa bila mwenzake husahaulika kwamba lilikuwa na mwenzake. Hata hivyo katika vitabu tofauti hii tunaijua bila kufundishwa. Mchapishaji naye huita muswada kile anacholetewa na mwandishi, na mwandishi akiambiwa kwamba muswada wake umepokelewa hatuendi dukani siku hiyo kuulizia riwaya yake. Tunajua kuna mhariri, kuna kurudishiwa, na kuna uwezekano kwamba kitabu hakitatoka kamwe. Sijui kwa nini busara hiyo hutuponyoka mara neno lilelile linapovuka mlango wa Bunge. Waarabu wenyewe, ukumbini mwao, wala hawasemi musawwada. Husema mashruu kanuni, yaani mradi wa sheria. Sisi ndio tuliolichukua neno la mezani kwa mwandishi tukalipeleka kwa wabunge, na kwa maoni yangu tulichagua vizuri kuliko wao, kwa kuwa neno letu linabeba ndani yake habari ya kufutwafutwa.

Jirani yake ni rasimu, neno la Kiarabu pia, linalotokana na kuchora. Katika matumizi ya serikalini rasimu ni andiko lililo bado mikononi mwa wanaoliandaa, na huitwa muswada likishachukua umbo la kuwasilishwa. Tulipotaka kuwa waangalifu tuliweza sana. Tume ya Mabadiliko ya Katiba chini ya Jaji Joseph Warioba ilitoa rasimu ya kwanza Juni 2013 na ya pili Desemba mwaka huohuo. Bunge Maalumu lilipomaliza kazi yake Oktoba 2014, andiko lililopitishwa likaitwa Katiba Inayopendekezwa, kwa sababu kura ya maoni ya wananchi ilikuwa bado. Kura hiyo, iliyokuwa imepangwa kufanyika Aprili 2015, iliahirishwa, na jina hilo ndilo linalotumika mpaka leo. Ule uangalifu wa neno "inayopendekezwa" ndio ninaoutafuta kwenye taarifa za habari siku hizi na siupati.

Nirudi kwenye kusomwa, kwa kuwa neno hili nalo hudanganya. Muswada unaposomwa mara ya kwanza, Katibu wa Bunge husimama mezani na kusoma jina lake, basi. Hakuna mjadala wala kura. Unapelekwa kwenye kamati, ambayo huita wadau kutoa maoni, na ndipo unaporudi kusomwa mara ya pili: waziri au mbunge mtoa hoja anaueleza, kamati inasoma maoni yake, wabunge wanachangia. Kisha Bunge hukaa kama Kamati ya Bunge Zima na kuupitia ibara kwa ibara. Anayesoma Taarifa Rasmi za Bunge atakutana na sentensi moja ikijirudia ukurasa baada ya ukurasa, kwamba ibara iliyotajwa hapo juu ilipitishwa na Kamati ya Bunge Zima bila mabadiliko yoyote, mpaka ghafla inatokea nyingine inayosema ibara imepitishwa pamoja na marekebisho yake. Hapo ndipo wino unapomwagika juu ya wino. Mara ya tatu huwa fupi tena.

Ukishatoka hapo, watu wengi, na baadhi yao wana shahada, husema kwamba Bunge limepitisha sheria. Nalivumilia hili kwa shida. Bunge limepitisha muswada. Ibara ya 62 ya Katiba ya mwaka 1977 inasema Bunge lina sehemu mbili, Rais na Wabunge, na ibara ya 97 inaeleza kwamba muswada hauwi sheria mpaka upitishwe na Bunge na kukubaliwa na Rais. Rais anaweza kukataa, na akikataa huurudisha bungeni pamoja na maelezo ya sababu zake. Katiba imelifikiria pambano hilo hadi mwisho wake: muswada uliorudishwa ukiungwa mkono tena na theluthi mbili ya wabunge wote na kupelekwa kwa Rais kabla ya miezi sita kwisha, Rais atatakiwa kuukubali ndani ya siku 21, la sivyo itabidi alivunje Bunge. Watunzi wa Katiba hawakuiona saini ya Rais kuwa pambo la mwisho.

Anayedhani kwamba haya ni mambo ya karatasi tu aitazame Kenya ya mwaka 2024. Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulikuwa ukiitwa sheria mitaani na mitandaoni wiki kadhaa kabla ya kupigiwa kura, na wengi walikuwa bado wanabishania mkate kutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 hali pendekezo hilo lilikuwa limekwisha kuachwa tangu tarehe 18 Juni. Tarehe 25 Juni Bunge la Taifa liliupitisha kwa kura 195 dhidi ya 106; siku hiyohiyo waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge na watu wakauawa kwa risasi. Kesho yake Rais William Ruto alitangaza kwamba hatatia saini, akaurudisha Bungeni na pendekezo kwamba vifungu vyake vyote vifutwe. Mswada ule ulisomwa mara zote, ukajadiliwa, ukapigiwa kura ukashinda, na haukuwa sheria hata kwa saa moja. Ndiyo maana "Sheria ya Fedha ya Kenya ya 2024", ambayo bado naiona ikitajwa, ni kitu ambacho hakikuwahi kuwepo.

Kuna jozi nyingine ambayo huchanganywa hata na wanaojua hayo yote, nayo ni muswada wa marekebisho na marekebisho ya muswada. Muswada wa marekebisho ni pendekezo la kubadili sheria ambayo tayari ipo. Kila mwaka tunakuwa nao mmoja au zaidi wenye jina refu, Muswada wa Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali, na ukiufungua hutapata maelezo yanayosomeka mfululizo bali viraka: kifungu fulani kinarekebishwa kwa kufuta maneno "siku kumi na nne" na badala yake kuweka maneno "siku ishirini na moja". Bila kuiweka sheria yenyewe pembeni huwezi kujua siku hizo ni za kufanya nini. (Kidokezo kwa asiyekuwa mwanasheria: nenda mwisho kabisa, kwenye Madhumuni na Sababu, ndipo urudi mwanzo.) Marekebisho ya muswada ni jambo jingine, ni mabadiliko yanayofanywa kwenye muswada wenyewe ukiwa bado mbele ya wabunge, kwa jedwali la marekebisho. Mbunge anayesema ameleta marekebisho kwenye muswada wa marekebisho hajikanyagi, yuko sahihi kabisa. Lugha ya Bunge letu husaidia hapa kama mtu akiisikiliza: sehemu za muswada huitwa ibara na sehemu za sheria huitwa vifungu, kwa hiyo ibara ya 4 hurekebisha kifungu cha 12. Msamiati huu kwa Kiswahili bado ni mchanga, kwani ni mwaka 2021 tu ndipo Kiswahili kilipofanywa kuwa lugha ya sheria zetu, tena kwa njia ya marekebisho ya sheria mbalimbali.

Hata saini ikishawekwa, sheria haianzi kazi siku hiyo kila mara. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilikuwa muswada uliopitishwa Novemba 2022, na ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Muswada wa Bima ya Afya kwa Wote uliwasilishwa Septemba 2022 na haukupitishwa mpaka Novemba 2023, na katika kipindi chote hicho kati yake nilisikia watu wakiulaumu au kuusifu kama sheria iliyokwishawafikia hospitalini.

Kwa hiyo mtangazaji wetu, ambaye simlaumu maana habari huandikwa kwa haraka, angeweza kusema kwamba muswada wa kurekebisha sheria fulani umesomwa bungeni kwa mara ya kwanza na umepelekwa kwenye kamati. Ni maneno machache tu ya ziada, na anayesikiliza angejua kwamba kuna kamati inayopokea maoni na kwamba hajachelewa kuyapeleka. Nilimweleza mangi hivyo wakati anahesabu sarafu. Akafikiri kidogo, akaniuliza, "Kwa hiyo bado wanaandika?" Nikamwambia bado wanafuta.