Bonasi iliyoahidiwa kwa mdomo inadaiwa?
Wafanyakazi wengi Tanzania huamini kwamba bonasi ni zawadi ya bosi, na ahadi isiyoandikwa haidaiwi. Si kweli. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, hakitaki kila mkataba uandikwe. Mwajiri akisema, “Mkifikisha mauzo ya milioni 50 kufikia Desemba, kila mmoja atapata mshahara wa mwezi mmoja zaidi,” nanyi mkafikisha, jasho lenu ndilo malipo ya ahadi hiyo, hivyo inadaiwa.

Kinachoangusha madai mengi ni maneno “kwa hiari ya menejimenti” ndani ya mkataba wa kazi. Yatafute kwanza. Ahadi isiyotaja kiasi wala sharti, kama “tutawakumbuka”, nayo ni dhaifu mno.

Tunza ujumbe wa simu, muhtasari wa kikao na hati za mishahara. Na hili wengi hawalijui: mwajiri asipotoa mkataba wa maandishi shauri likisikilizwa, kifungu cha 15(6) cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini humtwika yeye mzigo wa kuthibitisha sharti linalobishaniwa. Dai hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa fomu CMA F1, ndani ya siku 60 tangu mgogoro uzuke. Siku 30 ni za kupinga kuachishwa kazi.