Jiwe la Tenby halikumfundisha Augustus John kuchora

Mwanafunzi mwingine tena kaniletea habari ya jiwe. Eti mchoraji Augustus John alipiga mbizi baharini Tenby, kule Wales, mwaka 1897, akapasua kichwa kwenye mwamba, akaibuka gwiji. Hadithi hii inaniudhi kwa sababu vijana wanakaa kungojea jiwe badala ya kushika mkaa wa kuchorea.

Ajali ilitokea kweli. Lakini hesabu miaka: John aliingia shule ya sanaa ya Slade, London, mwaka 1894. Alipoumia alikuwa amekwisha kukaa miaka mitatu mbele ya sanamu za plasta na modeli, chini ya jicho la Henry Tonks, aliyekuwa daktari wa upasuaji kabla ya kugeukia sanaa. Tonks aliujua mfupa kwa kisu. Aliwahimiza pia wanafunzi waende British Museum wakaitazame michoro ya mabingwa wa kale.

Chora taya uone ugumu wenyewe. Anza chini ya sikio kwa mstari mwembamba. Taya linapogeuka kuingia kivulini, kandamiza penseli; mwanga unapolipiga, legeza, hata mstari ukatike. Usisugue kivuli kwa kidole kuficha makosa. Mstari mmoja unabeba mfupa, ngozi na mwanga, na mkono haujui hayo mpaka umeyarudia mara mamia.

Hata hivyo, waliomfahamu walisema alirudi Slade mtu mwingine, mwenye ndevu na ujasiri mpya, na siwezi kuwapuuza. Huenda kuponea chupuchupu kulimtoa woga. Ila mtu asiyejua mfupa akitokwa na woga, atakosea kwa haraka zaidi tu.

Na Gwen je, dada yake? Alisoma Slade hiyohiyo kuanzia 1895, hakugonga mwamba wowote, na mimi namweka juu ya kaka mtu kwa utulivu wa rangi zake.

Umaarufu ulikuja: T. E. Lawrence, yule afisa Mwingereza aitwaye Lawrence wa Arabia, alikaa mbele ya John achorwe mwaka 1919, na mwaka 1942 John akapewa Order of Merit, nishani ya heshima kubwa ya Uingereza. Lakini picha ya Suggia, mpiga selo, aliianza 1920 akaimaliza 1923. Miaka mitatu, kwa picha moja!

Mwanafunzi wangu nimempa kioo. Achore taya lake mwenyewe mara ishirini, aniletee Jumatatu.